Kupasha moto kiporo cha pasta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu pasta ya ngano iliyokwisha kuiva: spageti, makaroni, tambi nyembamba na lasanya. Vipimo vingi ni vya sahani moja ya mtu mzima, yaani gramu 300 hivi za pasta iliyoiva (pakiti ya gramu 500 ikipikwa hutoa kilo moja na zaidi kidogo). Kijiko cha chakula ni mililita 15, kikombe ni mililita 250, na nyuzi zote ni za sentigredi.

Kwa nini pasta ya jana huwa ngumu na kushikana bonge?

Ni kazi ya wanga. Pasta inapochemka, chembe za wanga hunyonya maji, huvimba na kulainika. Ikipoa, wanga huo hujipanga upya na kukaza. Utelezi uliobaki juu ya kila tambi nao hukauka, tambi zikashikana. Kama ulishaichanganya na mchuzi, pasta huendelea kuunyonya usiku kucha. Asubuhi unakuta mchuzi umekwisha na tambi zimenenepa.

Kwa hiyo kiporo kinahitaji maji ya kufidia yaliyopotea, na joto la kuulegeza wanga. Joto bila maji hukausha kingo zikakakamaa. Maji mengi kwa muda mrefu huifanya rojorojo, kwa sababu hapo hupashi tena, unapika mara ya pili. Karibu kila kosa linalotajwa hapa chini linatokana na moja kati ya hayo mawili.

Njia gani ni bora kuliko zote?

Inategemea kilichomo. Pasta tupu, maji yanayochemka. Yenye mchuzi wa nyanya au nyama ya kusaga, kikaango chenye mfuniko. Yenye krimu au tui, moto mdogo na subira. Lasanya na makaroni ya kuoka, oveni. Maikrowevu hufaa karibu zote ukiwa na haraka, mradi uufuate utaratibu wake. Kama unataka kujifunza njia moja tu, jifunze kikaango: unaona, unaonja, na unaongeza maji pale pale yanapohitajika.

Pasta haina mchuzi kabisa. Naipashaje?

Chemsha lita moja na nusu ya maji yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi. Maji yakitokota, weka pasta kwenye chujio la chuma na ulizamishe. Hesabu sekunde 30 kwa tambi nyembamba, sekunde 45 hadi 60 kwa spageti na makaroni. Inua, kung'uta vizuri, changanya na mchuzi uliokwisha kupata moto.

Kama imegandana bonge, usiivute ikiwa baridi. Itakatika vipande vipande. Izamishe, subiri sekunde 15 hadi 20 ilegee, ndipo uitenganishe kwa uma. Bonge nene linaweza kuhitaji dakika moja na nusu. Onja tambi moja kutoka katikati kabla ya kuitoa.

Kosa la kawaida ni kuiweka kwenye maji ya baridi na kuyachemsha pamoja nayo. Dakika nane au kumi za kusubiri maji yachemke zinatosha kuipondesha yote.

Na iliyochanganywa na mchuzi wa nyanya au nyama ya kusaga?

Tumia kikaango kipana, kisichoshika kama unacho. Weka vijiko vitatu vya chakula vya maji au supu kwanza, halafu pasta juu yake, uitandaze. Funika. Moto wa wastani, dakika mbili bila kugusa: mvuke unaingia ndani na kulegeza bonge wenyewe. Funua, geuza kwa koleo au mwiko wa mbao ukiinua kutoka chini kwenda juu. Kukoroga kwa kuzungusha kunakata tambi. Ikianza kushika chini, ongeza kijiko kimoja cha maji, kimoja tu, kisha funika tena dakika mbili. Malizia bila mfuniko kwa dakika moja ili mchuzi urudi kuwa mzito.

Kwa jumla ni dakika tano au sita. Kijiko cha chai cha mafuta ya zeituni, siagi au samli mwishoni huirudishia mng'ao. Onja chumvi mwishoni pia, maana maji uliyoongeza yamepunguza ladha, na mara nyingi tone la ndimu au nyanya moja iliyokunwa husaidia kuliko chumvi zaidi.

Ukiwa na maji yaliyobaki ulipochemshia pasta, hayo ndiyo bora kuliko maji ya bomba. Yana wanga na chumvi, hushikilia mafuta na mchuzi pamoja. Weka kikombe kimoja kando unapochuja, ukihifadhi friji pamoja na kiporo.

Kwenye maikrowevu inatoka nusu ya moto, nusu ya baridi. Nakosea wapi?

Mara nyingi ni mambo matatu: umeirundika, umeweka nguvu yote, na hukuigeuza katikati. Mawimbi ya maikrowevu huingia sentimita chache tu ndani ya chakula. Kinachobaki katikati ya rundo hupata moto polepole kutoka pembeni. Nguvu kamili huunguza pembeni kabla katikati hapajapata joto.

Fanya hivi. Tandaza pasta kwenye sahani pana ya kauri au glasi, unene usizidi sentimita tatu, na uache tundu katikati kama pete. Nyunyizia vijiko viwili vya chakula vya maji (kimoja kinatosha kama mchuzi ni mwingi). Funika kwa sahani nyingine iliyoinamishwa au mfuniko wenye tundu la mvuke. Weka nguvu asilimia 70. Kwa maikrowevu ya wati 700, kama zilivyo nyingi za lita 20, washa dakika moja na nusu, toa, geuza ya pembeni iende katikati, kisha washa dakika moja na nusu tena. Iache imefunikwa dakika moja kabla ya kula, joto lisambae. Mashine ya wati 1,000 punguza muda kwa theluthi moja.

Mipira ya nyama na vipande vikubwa vya kuku vikate katikati kwanza. Ndivyo hubaki baridi ndani. Makopo ya majarini na ya aiskrimu yasiingie humo, hayakutengenezwa kwa joto hilo na hulainika. Foili na bakuli za chuma pia hapana.

Nina jiko la mkaa tu.

Linafaa sana, shida yake ni moto wa chini ulio mkali. Njia salama ni sufuria mbili. Weka maji sentimita tatu kwenye sufuria kubwa, yachemke, kisha tia ndani sufuria ndogo yenye pasta na vijiko vitatu vya maji au supu, ufunike. Nusu kilo huchukua dakika 15 hadi 20, ukigeuza mara mbili. Haiungui hata ukiwa unafanya mengine, mradi maji ya nje hayajakauka.

Ukitaka kuipasha moja kwa moja, subiri makaa yapate majivu juu, funga mlango wa jiko upunguze hewa, kisha fuata hatua za kikaango. Mkaa unaowaka kwa nguvu utakuachia ukoko chini na baridi juu.

Mchuzi wa krimu, jibini au tui la nazi unakatika. Nizuieje?

Michuzi hii ni mafuta yaliyoshikwa na maji kwa msaada wa protini. Moto mkali unaiachanisha: mafuta yanaelea, chini panabaki chembechembe. Ukishaona mafuta pembeni umechelewa kidogo, lakini bado panaokoleka.

Tumia moto mdogo kabisa na kikaango kizito. Weka vijiko vitatu vya maziwa (au tui jepesi, kama ni la nazi) kabla ya pasta, pasha polepole dakika sita hadi nane ukigeuza kila mara, na usiache mchuzi utokote kwa nguvu. Jibini la ziada litie baada ya kuepua. Ukiwa umeshakatika, epua, mimina kijiko kimoja au viwili vya maziwa ya moto au maji ya pasta, koroga kwa nguvu mpaka ushikane. Kwa tui, tui zito bichi vijiko viwili hufanya kazi hiyo vizuri.

Kabonara, yenye yai bichi lililoivishwa na joto la pasta, ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu kiini cha yai huanza kushikana karibu na nyuzi 65 na kiporo kinatakiwa kifike zaidi ya hapo. Ipashe kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka polepole, ukikoroga bila kuacha. Itakuwa nzito kuliko ya jana, na chembe kidogo za yai hazikwepeki.

Lasanya na makaroni ya kuoka je?

Washa oveni nyuzi 180. Nyunyizia vijiko viwili vya maji kwenye kingo za chombo, funika kwa foili isiyogusa jibini, tia ndani. Kipande kimoja huchukua dakika 20 hadi 25. Bakuli zima lililotoka friji dakika 40 hadi 50. Toa foili dakika kumi za mwisho ili juu pakauke na kuwa na rangi. Bakuli la glasi lililotoka friji liache nje dakika chache kwanza, lisije likapasuka kwa joto la ghafla.

Huna oveni, palia. Paka mafuta sufuria yenye mfuniko bapa, panga makaroni, nyunyizia maji kidogo, funika. Chini acha makaa machache yaliyofifia, juu ya mfuniko weka mengi zaidi. Dakika 15 hadi 20 zinatosha, na jibini la juu hugeuka rangi kama la oveni.

Tambi za nazi za sukari zilizobaki?

Zinakauka sana kwa sababu tui lote limeshanyonywa na sukari imekaza. Kwa kikombe kimoja cha tambi, weka vijiko vitatu vya tui jepesi au maziwa sufuriani, chambua tambi kwa uma juu yake, funika kwa moto mdogo dakika nne. Usikoroge katikati, sukari huungua haraka na tambi nyembamba hukatika. Iliki hupoteza harufu, kwa hiyo ongeza chembe mbili zilizotwangwa mwishoni.

Yenye kamba au samaki?

Toa kamba kando. Pasha pasta kwanza, warudishe kwa dakika moja na nusu ya mwisho, wakiwa wa moto kabisa lakini bila kukakamaa. Kula ndani ya siku mbili.

Imekaa nje usiku kucha. Nikiichemsha sana si itakuwa salama?

Hapana, na hili ndilo swali tunalotaka lieleweke kuliko yote.

Kuna bakteria anayeitwa Bacillus cereus, mkazi wa kawaida wa udongo, nafaka na vyakula vya wanga. Mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Pasta inapopoa na kukaa kwenye joto la chumba, mbegu huamka na kuzaana, na baadhi ya aina hutoa sumu inayoleta kutapika. Bakteria wenyewe watakufa ukichemsha. Sumu hiyo haifi: inastahimili hata nyuzi 121 kwa zaidi ya saa moja, joto ambalo sufuria ya kawaida haiwezi kulifikia. Pasta yenye sumu hiyo inaweza isinuke wala isibadilike rangi, kwa hiyo kuonja hakukusaidii.

Mara nyingi mtu hutapika ndani ya dakika 30 hadi saa 6 na kupona kwa siku moja. Si kila mara. Oktoba 2008 huko Brussels, Ubelgiji, mwanafunzi wa miaka 20 alikula spageti ya mchuzi wa nyanya iliyokaa jikoni siku tano bila friji, akiwa ameipasha kwenye maikrowevu. Alianza kutapika, akafariki usiku huohuo, ini lake likiwa limeharibika. Madaktari waliandika kisa hicho kwenye jarida la kitabibu mwaka 2011.

Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la chumba zaidi ya saa 2. Wizara ya Kilimo ya Marekani inapunguza ikawa saa 1 joto la hewa likizidi nyuzi 32, na hali hiyo ni ya kawaida Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari. Iliyolala mezani, itupe.

Nikiiacha kwenye hotipoti mpaka asubuhi?

Hotipoti huhifadhi joto, haizalishi. Chakula kinachoingia cha moto hupoa polepole sana, kikitumia saa nyingi kati ya nyuzi 60 na nyuzi 5, eneo ambalo bakteria hustawi. Kwa kiporo, hotipoti iliyofungwa usiku kucha ni mbaya kuliko sahani wazi, kwa sababu uvuguvugu unadumu zaidi. Watu wakishakula, toa kilichobaki humo.

Basi niipoze na kuihifadhi vipi?

Itandaze kwenye sinia, unene usiozidi sentimita tano, au zamisha sufuria kwenye beseni la maji ya baridi ukikoroga. Dakika 20 hadi 30 hupunguza joto la kutosha. Pasta tupu unaweza kuisuuza kwa maji safi ya kunywa yaliyo baridi na kuichuja. Ichanganye na kijiko cha chai cha mafuta kwa kila gramu 200 isishikane. Mafuta yakizidi, mchuzi utateleza na kukataa kushika kesho yake.

Weka kwenye vyombo vyenye mfuniko, friji iwe nyuzi 4 au chini. Siku 3 hadi 4, basi. Hifadhi mchuzi mbali na pasta kila unapoweza: hakuna hatua nyingine inayoboresha kiporo kiasi hicho. Na kama unajua mapema kwamba utabakiza, epua pasta dakika moja au mbili kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti.

Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwa hushika baridi kwa saa 4 hivi. Friza iliyojaa hufika saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Mgao ukiwa mrefu kuliko hapo, vitu vya wanga na nyama vilivyopikwa visipewe nafasi ya pili.

Inagandishwa kwenye friza?

Ndiyo, kwa nyuzi 18 chini ya sifuri, na ladha hubaki nzuri kwa miezi miwili hivi. Gandisha kwa mafungu ya sahani moja, yakiwa bapa. Makaroni mafupi huvumilia kuliko spageti. Michuzi ya krimu huwa na tabia ya kukatika ikiyeyuka.

Pasta tupu izamishe ikiwa imeganda kwenye maji yanayochemka, dakika moja na nusu hadi mbili. Yenye mchuzi iweke kikaangoni na vijiko vinne vya maji, funika, moto mdogo, dakika 10 hadi 12. Ukiwa na muda, iyeyushe ndani ya friji usiku. Juu ya kabati la jikoni hapana.

Nitajuaje imepata moto wa kutosha?

Kipimajoto cha chakula kichomekwe katikati: nyuzi 74. Shirika la Afya Duniani linataja 70, lakini hizo nyingine nne ni za kufidia sehemu ambazo kipimo hakikugusa. Huna kipimo, angalia mvuke unaotoka katikati ya rundo unapoligawa, na siyo pembeni tu. Chomeka kisu katikati kwa sekunde kumi, kisha gusa ubapa wake: kiwe cha moto usiovumilika. Kikiwa vuguvugu, rudisha jikoni.

Naweza kumfungia mtoto aende nayo shule?

Kwa chupa ya chakula yenye ukuta wa chuma maradufu, ndiyo. Ijaze maji yanayochemka, funga dakika kumi, mwaga. Pasta iwe imetoka motoni wakati huohuo, ikiwa na mchuzi kidogo zaidi ya kawaida, ijae mpaka juu. Iliwe mchana huohuo, na iliyobaki isirudi friji. Kontena la kawaida la plastiki halifai kwa safari ya asubuhi mpaka saa saba.

Kuna ubaya kuilaza kwenye sufuria ya alumini?

Mchuzi wa nyanya una asidi, nayo hula alumini polepole. Utaona madoa meusi kwenye sufuria na kusikia ladha ya chuma. Kupasha kwa dakika tano hakuna shida. Kuilaza humo usiku ndiko kubaya. Foili nayo ni alumini, isigusane na nyanya muda mrefu.

Ni kweli kiporo kina sukari kidogo kwa mwenye kisukari?

Wanga ukipoa, sehemu yake hubadilika ikawa ngumu kumeng'enywa, na kuupasha hakuirudishi yote kama awali. Lakini kiasi hicho ni kidogo, hutofautiana kwa aina ya pasta na kwa mtu. Ukubwa wa sahani bado ndio unaoamua, kwa hiyo pima sukari kama kawaida.

Imeshakuwa rojorojo. Inaokoleka?

Kuwa pasta ya kawaida hairudi tena, lakini watu wa Napoli, Italia, wana jibu lao la siku nyingi, frittata di maccheroni, chapati nene ya mayai na pasta ya jana. Piga mayai manne na gramu 50 za jibini lililokunwa, chumvi na pilipili manga. Changanya na gramu 300 za pasta, hata yenye mchuzi mzito. Pasha vijiko viwili vya mafuta kwenye kikaango cha sentimita 24, mimina, shindilia kwa mwiko. Moto wa chini ya wastani, dakika saba, mpaka ukingo uwe wa kahawia na katikati pasitikisike. Funika kwa sahani, pindua, irudishe dakika tano upande wa pili. Ukiikata ikiwa ya moto itamomonyoka. Ipumzishe dakika kumi.

Nikishaipasha ikabaki tena?

Pasha mara moja tu. Kila mzunguko wa kupoa na kupata moto huongeza muda wake katika joto la hatari, na pasta yenyewe haivumilii mara ya pili. Toa friji kiasi cha kuliwa, nyingine ibaki baridi.